Kabla Hujawasha Kamera Mbele ya Manusura

Mwaka 1997, katika Mahakama ya Kimataifa ya Jinai ya Rwanda iliyokuwa na makao yake Arusha, alitoa ushahidi mwanamke kutoka Taba ambaye umma ulimjua kwa herufi mbili tu: Shahidi JJ. Ushahidi wake na wa wenzake ulisaidia kumtia hatiani Jean-Paul Akayesu, aliyekuwa meya wa Taba, tarehe 2 Septemba 1998. Ilikuwa mara ya kwanza mahakama ya kimataifa kumtia mtu hatiani kwa mauaji ya kimbari, na mara ya kwanza ubakaji kutambuliwa kuwa njia mojawapo ya kuyatekeleza. Herufi zile ziliwekwa ili kulinda maisha ya mashahidi. Ilipotoka filamu ya makala The Uncondemned mwaka 2015, baadhi ya wanawake wale wale waliketi mbele ya kamera, nyuso wazi, wakajitaja kwa majina yao. Waliamua wenyewe, na kwa wakati wao.

Ukitaka kutengeneza filamu kuhusu manusura wa mauaji ya kimbari au kuhusu wakimbizi, anzia hapo. Uamuzi wa mtu wa kusema au kunyamaza, wa kuonyesha uso au kuuficha, haufanywi mara moja ukaisha. Aliyekubali leo anaweza kukataa mwezi ujao, binti yake akihamia shule mpya au jirani wa zamani akitoka gerezani. Aliyekataa kwa miaka mingi anaweza siku moja kukuita mwenyewe. Kazi yote, kuanzia ratiba hadi namna ya kuhifadhi picha, uipange ukilijua hilo. Wapo wanaoamini kwamba kumlinda msimulizi kunaipunguzia filamu nguvu. Mimi sikubaliani nao hata kidogo. Mtu anayejua kwamba neno lake moja linatosha kukusimamisha hukusimulia mambo ambayo usingeyapata kwa kumbana.

Nawaandikia hasa vijana wenye simu janja, maiki ndogo ya kubana kwenye shati na nia njema, wawe Kasulu, Kakuma, Nakivale, Bukavu, Bujumbura au Kigali. Wengi wenu ni watoto au wajukuu wa watu mnaotaka kuwahoji. Hiyo ni faida, kwa sababu mnaijua lugha na mnaijua nyumba. Ni mzigo pia, maana mama hamkatalii mwanawe kwa urahisi. Kama msimulizi ni mzazi wako, mtume mtu mwingine akamuulize kama kweli anataka, nawe usiwepo wakati huo.

Je, lazima asimulie tena?

Mwaka 2018 Alexandria Bombach alitoa On Her Shoulders, filamu inayomfuata Nadia Murad, binti wa Kiyazidi kutoka kijiji cha Kocho, Iraq, ambacho wapiganaji wa kundi la Dola la Kiislamu walikivamia Agosti 2014. Filamu ile haikawii kwenye mateso yenyewe. Inaonyesha kilichofuata: kutoka redio hadi bungeni, kutoka bungeni hadi kambini, na kila mahali watu wanamuuliza yale yale na kumtaka ayarudie. Itazame kabla hujafanya lolote. Utaona uchovu ambao wanahabari wema kabisa, bila nia mbaya, walimtwisha binti mmoja.

Kwa hiyo, kabla hujampigia mtu simu, chunguza kama ameshawahi kusimulia mahali pengine. USC Shoah Foundation, taasisi iliyoanzishwa na Steven Spielberg mwaka 1994, imehifadhi shuhuda za video zaidi ya 50,000. Nyingi ni za manusura wa mauaji ya Wayahudi barani Ulaya, na zimo pia za manusura wa Rwanda. Kituo cha Kumbukumbu ya Mauaji ya Kimbari cha Gisozi, Kigali, kina hifadhi yake. Mahakama ya Arusha ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2015, lakini nyaraka zake zinatunzwa na taasisi iliyorithi kazi zake pale Lakilaki, nje kidogo ya mji. Ukikuta mtu ameshaeleza siku ile kwa kina, omba ruhusa kwa wenye hifadhi na kwa mwenyewe, utumie sehemu hiyo. Muda wako naye uutumie kwa mambo ambayo hajaulizwa: nani alimlea baada ya hapo, alijifunzaje kulala tena usiku, kwa nini alirudi kijijini au kwa nini hakurudi.

Mkongomani Dieudo Hamadi amelifanya hili kwa ustadi mkubwa. Filamu yake ya mwaka 2020, En route pour le milliard, inahusu manusura wa Vita vya Siku Sita vya Kisangani, Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipopigana ndani ya mji wa watu. Wengi wao walipoteza miguu au mikono. Hamadi hakuwapanga kwenye viti awaulize bomu lilianguka wapi. Alipanda nao boti, wakateremka Mto Kongo hadi Kinshasa walikokwenda kudai fidia waliyoingoja miaka mingi. Mtazamaji anayaona madhara ya vita pale mtu mwenye magongo anapotafuta pa kukaa kwenye boti iliyojaa, mvua ikinyesha. Anaona pia watu wanaobishana, wanaopanga mikakati, wanaochekana. Hawa wana shughuli yao, na kamera imepewa lifti tu.

Vibali, na ridhaa ambayo serikali haiwezi kukupa

Karatasi za serikali zinachukua muda, basi zianze mapema. Nchini Tanzania, kuingia kambi kama Nyarugusu, iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongomani, kunahitaji kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi kupitia idara inayoshughulikia wakimbizi, na upigaji picha za filamu una kibali chake kutoka Bodi ya Filamu. Kenya kuna Idara ya Huduma kwa Wakimbizi, na leseni ya filamu inatolewa na bodi inayosimamia filamu. Uganda, makazi ya wakimbizi yako chini ya Ofisi ya Waziri Mkuu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Sura, sauti na historia ya mtu ni taarifa binafsi, kwa hiyo sheria hizi zinakuhusu hata kama unatumia simu.

Kibali kinakufungulia geti tu. Mtu mwenyewe bado hajasema neno. Na usidhani kwamba anakuona kama unavyojiona. Ukiteremka kwenye gari lenye nembo ya shirika, ukiwa na kalamu na orodha ya majina, mkimbizi ana kila sababu ya kufikiri kwamba umekuja na safari ya Marekani mfukoni. Maongezi kama haya yatakukuta (HCR ni shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi):

"Mwanangu, hii picha itafika kwa HCR?"

"Hapana, mama. Haitaingia kwenye faili lako. Haitakuongezea kitu na haitakupunguzia kitu."

"Hata chakula?"

"Hata chakula, mama. Ukikataa leo, kesho utapanga foleni ya mgao kama kawaida."

Mwache akae na jibu hilo, uondoke. Rudi siku nyingine. Anayekubali palepale, kabla hujamaliza kueleza, mara nyingi amekubali kitu kingine kabisa.

Lipo pia jambo ambalo watengenezaji wengi wa filamu hawalifikirii. Mkimbizi ambaye ombi lake la hifadhi au la kupelekwa nchi ya tatu bado linashughulikiwa ameshahojiwa na maofisa, na maelezo yake yameandikwa. Akisema kwenye filamu yako kwamba walivuka ziwa Alhamisi, na faili linasema Jumanne, tofauti hiyo ndogo inaweza kutumiwa kumwita mwongo. Kumbukumbu ya mtu aliyekimbia usiku na watoto haipangi siku kama kalenda, sisi tunajua. Ofisa aliye mbali huenda asijali. Muulize kesi yake imefikia wapi. Kama haijaisha, ngoja, au acha nje tarehe na njia walizopita, au mshauriane na mwanasheria wake.

Kuhusu fomu ya ridhaa, fikiri kabla ya kumsogezea mtu karatasi na kidau cha wino wa dole gumba. Vitambulisho vilivyotaja kabila, vilivyoanzishwa na Wabelgiji miaka ya 1930, ndivyo vilivyokaguliwa kwenye vizuizi vya barabarani nchini Rwanda mwaka 1994, na orodha za majina zilitumika kuwatafuta watu majumbani mwao. Kwa manusura, jina kwenye karatasi ya mgeni si jambo dogo. Ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa, kwa lugha ya mtu mwenyewe, inatosha na mara nyingi ni bora. Mweleze filamu itaonyeshwa wapi, na nani, kwa muda gani. Kwamba ikishaingia intaneti hakuna awezaye kuirudisha. Kwamba ndugu zake waliobaki nyumbani wataweza kuiona, na wabaya wake pia. Kisha mwombe akueleze yeye, kwa maneno yake, alichoelewa. Hapo ndipo utakapogundua ulichokieleza vibaya.

Ridhaa hiyo uiombe mara tatu: kabla ya kurekodi, siku moja au mbili baada ya kurekodi, na akishaiona filamu iliyohaririwa. Mtajie tarehe ambayo mpaka hapo anaweza kujitoa bila kutoa sababu, na tarehe hiyo iwe baada ya yeye kuiona filamu. Kwa watoto, ridhaa ya mlezi haitoshi. Mtoto mwenyewe naye aulizwe, na ushauri wangu ni kwamba uso wake usionekane kabisa. Hatakuwa mtoto daima, na hakuna anayejua atataka kujulikana kwa lipi.

Je, umlipe? Rudisha nauli, fidia kibarua alichokikosa siku hiyo, leta chakula mle pamoja. Hayo mkubaliane mapema, na ayapate hata akikatiza mahojiano baada ya dakika tano. Usilipe kwa kadiri ya alichosimulia, kwa maana hapo utakuwa umeyatia machozi bei. Filamu ikija kuuzwa, fungu lake liandikwe kwenye mkataba.

Siku ya mahojiano

Chagua siku kwa kumsikiliza yeye. Nchini Rwanda kipindi cha kuwakumbuka waliouawa, Kwibuka, huanza tarehe 7 Aprili, na katika majuma hayo manusura wengi hupandwa na kumbukumbu kwa nguvu isiyo ya kawaida. Kwenye mikutano ya maombolezo kuna watu wanaozimia, kuna wanaopiga kelele kana kwamba wauaji wako mlangoni. Wanahabari ndicho kipindi wanachokimbilia. Wewe nenda Septemba, au wakati wowote atakaokutajia.

Mkalimani ni suala zito kuliko kamera. Jirani anayejua lugha zote mbili anaonekana kuwa jibu jepesi, lakini atakayoyasikia atarudi nayo kwenye bloku ile ile, kwenye kanisa lile lile. Mkalimani wa upande ambao msimulizi anauogopa atamfunga mdomo kabla hujauliza swali. Muulize faraghani: nani unamwamini akae nasi? Kwa simulizi za ubakaji, timu yote chumbani iwe ya wanawake, isipokuwa yeye mwenyewe aseme vingine. Wanaume wa timu wanaweza kwenda kupiga picha za soko.

Fika asubuhi mapema. Ikifika saa nne mashine ya kusaga imeshaanza kunguruma, kinyozi amewasha jenereta na kwaya iko mazoezini. Ukitumia chumba cha mabati, angalia mawingu, kwani mvua ikianza hakuna sauti utakayoipata. Turubai nalo hupigapiga upepo ukivuma, na mlio wake huingia kwenye maiki kuliko unavyousikia kwa sikio. Tandika blanketi ukutani, funga kuku mbali, vaa spika za masikioni na usikilize kabla hujaanza. Sauti mbovu ni dharau kwa msimulizi, kwa kuwa utalazimika kumrudisha aseme upya jambo alilolitoa kwa shida.

Mkalishe karibu na mlango, auone, na njia ya kutokea isizibwe na stendi ya kamera. Kaa chini kama amekaa chini. Taa kali usoni iache. Kwa aliyewahi kuhojiwa na askari, taa ile na maswali mfululizo vinamrudisha kule. Dirisha linatosha. Mkubaliane ishara ya kusimama, kama kuweka mkono juu ya meza, ili asilazimike kutafuta maneno. Ishara ikija, zima kamera yeye akiona, mpaka ile taa nyekundu ipotee.

Mikono ikipata kazi, ulimi hulegea. Katika mahojiano mazuri niliyowahi kuyaona, mama alikuwa na ungo wa maharage mapajani. Alipofika sehemu nyepesi alichambua haraka, punje na mawe kila kimoja upande wake. Alipofika sehemu ngumu vidole vilipunguza mwendo, na kuna mahali alishika harage moja akaligeuzageuza, hakulitupa wala hakulirudisha, kwa muda mrefu. Aliyeshika kamera aliibakiza pale pale, kwenye mapana yake, uso na ungo vyote vikiwemo. Hakusogea karibu kutafuta chozi. Nami namshukuru hadi leo, kwa sababu kila aliyeiona sehemu hiyo alielewa.

Maswali yaanzie mbali. Nyumba yenu ilikuwaje? Baba alikuwa akifanya kazi gani? Mlikuwa mkila nini sikukuu? Waliouawa walikuwa watu kabla hawajawa maiti, na filamu isiyowapa hata dakika mbili za uhai wao inaikamilisha kazi ya wauaji. Ukifika kwenye siku yenyewe, uliza kwa namna inayomwachia yeye kupima: "Siku hiyo asubuhi mlikuwa mnafanya nini?" Usimuulize alijisikiaje. Usimuulize kwa nini hakukimbia mapema, wala kwa nini yeye hakufa. Manusura wengi wanajiuliza hilo kila usiku, na swali lako litasikika kama shtaka. Asipokwenda mwenyewe kwenye undani wa mateso, usimvute.

Watu wa filamu wanapenda kuitaja sehemu moja ya Shoah, filamu ya Claude Lanzmann ya mwaka 1985 yenye urefu wa zaidi ya saa tisa. Kinyozi aliyenusurika kambi ya Treblinka anasimulia huku akimkata mtu nywele, anakwama, anaomba waache, na Lanzmann anamhimiza aendelee. Anaendelea. Sehemu ile ni nzito na imefundishwa vyuoni kote duniani. Naiheshimu Shoah kwa mengi, hasa kwa kukataa kutumia picha za kale na kuyaachia maneno ya watu yabebe kila kitu. Lakini usimwige Lanzmann katika hilo moja. Yeye aliamini historia ilikuwa ikimdai. Wewe ukimsukuma mama wa Nyarugusu kwa imani hiyo, ukaondoka na gari la jioni, atabaki peke yake na alichokifukua.

Ndiyo maana mahojiano hayaishii kwenye kifo. Dakika ishirini za mwisho zitumie kumrudisha leo: watoto wako shule gani, shamba linaendeleaje, jioni hii anapika nini. Zima kamera, kaeni, mnywe chai. Kabla ya siku hiyo uwe umeshajua mshauri nasaha aliye karibu ni nani na umeshaongea naye. Rwanda unaweza kuanza na Ibuka, mwavuli wa vyama vya manusura, au Avega-Agahozo, chama cha wajane wa mauaji ya kimbari. Bukavu kuna Hospitali ya Panzi ya Daktari Denis Mukwege, inayotibu mwili na akili za wanawake waliobakwa vitani. Kambini, waulize wahudumu wa kituo cha afya. Kesho yake rudi kumjulia hali, bila kamera. Nawe na mhariri wako, mtakaozisikiliza sauti hizo mara mia, msijifanye chuma. Tafuteni wa kuongea naye.

Pale ambapo hakuna picha

Katika zile siku takriban mia moja za mwaka 1994, picha za video za mauaji yenyewe zilikuwa chache mno. Mojawapo ilipigwa na Nick Hughes, Mwingereza, akiwa juu ya jengo la shule jijini Kigali. Kwa simulizi nyingi hutakuwa na chochote cha kuonyesha, na utashawishika kujaza nafasi kwa mafuvu. Kwenye maeneo ya kumbukumbu kama Murambi, Ntarama na Nyamata, ambako nguo za waliouawa zimewekwa juu ya mabenchi ya kanisa, omba ruhusa kwanza, na jiulize kama msimulizi wako ana ndugu pale. Mafuvu humfanya mtazamaji afumbe macho. Kiatu kimoja cha mtoto, au ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena, humfanya aangalie.

Ubunifu upo wa kujifunzia. Rithy Panh, aliyeipoteza familia yake chini ya utawala wa Khmer Rouge nchini Kambodia, alitumia watu wadogo wa udongo kusimulia utoto wake katika The Missing Picture ya mwaka 2013. Jonas Poher Rasmussen alitumia katuni katika Flee ya mwaka 2021 ili rafiki yake, mkimbizi kutoka Afghanistan, asimulie kwa sauti yake bila kutambulika kwa sura. Mchoraji wa kambini, fundi wa vinyago, mama anayefuma vikapu, hawa wote wanaweza kuwa wapigapicha wako wa jambo lisilopigwa picha.

Ukiahidi kuficha uso, ufiche kweli. Kuutia ukungu tu hakutoshi. Mtu hujulikana kwa sauti, kwa mwendo, kwa kovu la mkononi, kwa kitenge anachovaa kila Jumapili, kwa sare ya shule ya mtoto anayepita nyuma, kwa kilima kinachoonekana dirishani. Ukungu mwepesi unaweza hata kuondolewa na programu za siku hizi. Njia salama ni kutomrekodi uso tangu mwanzo, na maneno yake kusomwa na mtu mwingine. Simu nayo huandika ndani ya kila picha mahali ilipopigwa. Izime huduma hiyo kabla hujaondoka nyumbani.

Maneno na majina

Yaite mambo kwa majina yake. Kilichotokea Rwanda ni mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi. Maneno kama "vita vya kikabila" yanafuta tofauti kati ya muuaji na aliyeuawa, na kwa sheria za Rwanda kukana au kupunguza uzito wa mauaji yale ni kosa. Wahutu waliouawa kwa kuwaficha majirani zao nao watajwe. Kwa upande mwingine, neno kimbari lina maana yake kisheria tangu Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1948, na si kila mauaji ya halaiki yamepita mahakamani. Mzee aliyeikimbia Burundi mwaka 1972 akafika Ulyankulu, Katumba au Mishamo anaweza kuyaita ya kwao kwa neno hilo. Mwache aseme kama anavyosema. Maelezo yako ndiyo yanayopaswa kubainisha lipi limeamuliwa na mahakama na lipi ni ushuhuda wake.

Wakimbizi nao usiwafanye kundi moja. Mwishoni mwa Aprili 1994, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa saa 24. Walikuwemo wakulima waliofuata mkumbo, na walikuwemo walioua wiki iliyotangulia. Anayekuhoji kwa nini umemwamini mtu fulani ana haki ya kupata jibu. Linganisha simulizi na hukumu, na tarehe, na wengine waliokuwepo. Msimulizi akimtaja mtu kwa jina kwamba aliua, na mtu huyo hajahukumiwa, liondoe jina. Unamlinda msimulizi kwanza, kisha filamu, kisha na haki yenyewe, kwa sababu shahidi aliyeshasema kwenye filamu anaweza kupondwa na mawakili mahakamani.

Kiswahili cha Uvira au Baraka usikinyooshe kiwe cha vitabuni. Mtu akisema "tulikimbiaka", liache lisikike hivyo, na maandishi ya tafsiri chini ya picha yaandikwe na anayekijua kile Kiswahili, kisha mtu wa pili ayakague bila kuonyeshwa tafsiri ya kwanza. Muziki wa huzuni uache. Kimya cha msimulizi kiache kama kilivyo, hata kikifika sekunde kumi.

Nani aione kwanza

Wa kwanza kuiona filamu ni msimulizi, nyumbani au mahali anapopachagua, pamoja na mtu mmoja anayemtaka. Si pamoja na umati, wala siku ya uzinduzi. Akisema "hapa toa", unatoa. Akikuomba sababu ya kubakiza sehemu fulani, mweleze, kisha uamuzi uwe wake. Baada yake ni watu wa kijiji au kambi yake, halafu ndipo matamasha. Eric Kabera na wenzake, walioanzisha tamasha la filamu la Rwanda, walibeba skrini ya kujazwa hewa wakaenda vilimani kuwaonyesha watu filamu kwa Kinyarwanda. Shirika la FilmAid limeonyesha filamu Kakuma na Dadaab kwenye skrini za wazi, jioni, watu wakiwa wamekaa mchangani. Ukifanya hivyo, tangaza mapema filamu inahusu nini ili asiyetaka asije, watoto wadogo waondoke kwanza, na washauri nasaha wajulikane wamekaa wapi.

Mwisho ni picha ghafi, zile saa zote ambazo hukuzitumia. Ndani yake mna majina, njia, na mambo aliyoyasema akisahau kamera. Ziweke kwenye diski mbili zenye nywila, mahali pawili tofauti, na mafaili yabebe namba badala ya majina. Daftari linaloeleza namba ipi ni ya nani likae mahali pa tatu. Mpe msimulizi nakala yake kwenye flashi, kama anataka kuwa nayo na kama ana pa kuificha. Mkubaliane kwa sauti iliyorekodiwa picha hizo zitafutwa lini, au zitakabidhiwa hifadhi gani na kwa masharti yapi. Chagua pia atakayeshika nywila wewe ukiwa hupo, na msimulizi aambiwe mtu huyo ni nani na atampata wapi siku akitaka kujitoa.